Baba na Mwana Warushaji wa Mpira

Watoto wengi wa Bagamoyo wajua sana mpira wa miguu kuliko kriketi, ingawa mchezo huu huchezwa hata Dar es Salaam. Kila upande una watu 11. Vijiti vitatu husimamishwa kila mwisho wa njia yenye urefu wa yadi 22. Mrushaji huja mbio, akaupitisha mkono juu ya bega pasipo kuukunjua kiwiko, akaurusha mpira mgumu wa ngozi. Naye mpigaji huvilinda vijiti kwa gongo lake. Mrushaji akimtoa mpigaji, husemwa kwamba amepata wiketi.

Mpira huo una mshono katikati. Mrushaji stadi huuelekeza mshono kando kidogo, na mpira hupinda hewani, kama jahazi lifuatavyo usukani wake. Basi kasi peke yake haitoshi. Ustadi wa vidole nao watakiwa.

Don Pringle, mrushaji wa namna hiyo, alizaliwa Uingereza mwaka 1932, kisha akahamia Kenya. Mwanawe Derek alizaliwa Nairobi mwaka 1958. Mwaka 1975 Kombe la Dunia la kriketi la wanaume lilichezwa Uingereza mara ya kwanza. Wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliungana kuwa timu moja, iliyoitwa Afrika Mashariki. Don alikuwamo, naye ana miaka 43. Tarehe 11 Juni alicheza na India mjini Leeds. Siku tatu baadaye, mjini Birmingham, aliwarushia mpira watu wa nchi aliyozaliwa. Hakupata wiketi hata moja, na timu yake ilishindwa michezo yake yote mitatu.

Tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule Don alikufa Kenya katika ajali ya motakaa. Derek alikuwa kijana wa miaka 17 tu.

Derek alihamia Uingereza, akasoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Tarehe 10 Juni 1982, angali mwanafunzi, aliichezea Uingereza kwa mara ya kwanza, mjini London. Na walioshindana nao walikuwa India, kama siku ile ya baba yake. Hata mwaka 1992 alikuwa amecheza michezo 30 mikubwa ya siku tano, akapata wiketi 70.

Tarehe 25 Machi 1992, mjini Melbourne, Uingereza na Pakistan zilikutana katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia. Derek alirusha zamu 10 za mipira sita sita, akatoa mikimbio 22 tu na kupata wiketi tatu. Hata hivyo Pakistan walishinda kwa mikimbio 22.

Katika daftari la Kombe la Dunia, wiketi za Don ni sifuri, na Derek yumo miongoni mwa walioshindwa. Hesabu hizo ni za kweli, lakini hazisemi yote. Hazisemi kwamba mtu wa miaka 43 alithubutu kusimama mbele ya mabingwa, wala kwamba kijana aliyefiwa na baba aliushika mpira ule ule akaendelea.