Kuingia kwa Hiari: Utangulizi wa Somo la Vituo vya Vijana

Hili ni somo lenye watendaji wengi kuliko waandishi. Kitabu hiki kinahusu vituo ambavyo kijana wa mtaani, aliyeacha shule, au aliyekwisha kuzoeana na seli za polisi, huingia bila barua ya chifu wala amri ya mahakama. Anakula, anaoga, anacheza, anaongea na mtu mzima, kisha anaondoka akitaka. Ninaanzia Skuta, hapa Nyeri, kwa sababu miji ya Mlima Kenya imelibeba swali la vijana hawa kwa muda mrefu na kwa uchungu.

Wakati wa Hali ya Hatari, katikati ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwakusanya Wamumu, kule Mwea, wavulana walioshikwa kwa tuhuma za Mau Mau, wengi wao wakitolewa kambi ya Manyani. Walifundishwa ufundi, michezo na gwaride, na wakoloni wakajivunia matokeo. Lakini ile ilikuwa kambi. Hakuna mvulana aliyeruhusiwa kuondoka atakavyo. Geoffrey Griffin, aliyefanya kazi huko, alishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kuanzisha kituo cha Starehe jijini Nairobi mwaka 1959, katika vibanda viwili vya mabati, kuwapokea wavulana ambao vita viliwaacha bila makao. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol akaanzisha shirika la Undugu, na yeye akawafuata vijana kule kule barabarani walikokuwa. Katika muda usiofika miaka ishirini, fikra zilihama kutoka kumfungia kijana hadi kumfuata alipo na kumsubiri aje mwenyewe.

Kumsubiri ni kazi ngumu. Hebu tutazame asubuhi moja ya Julai, Skuta ikiwa imefunikwa na ukungu. Kijana wa miaka kumi na sita anafika langoni, chupa ya gundi ya viatu imefichwa ndani ya mkono wa sweta. Hakuna anayempekua. Anapewa kikombe cha uji, beseni na kipande cha sabuni, afue nguo zake, huku akiazimwa suruali ya kituo. Baridi ya Nyeri haikaushi nguo upesi. Basi anakaa hadi alasiri, na katika kungoja huko mlezi wa zamu, wanayemwita mwalimu hata kama hajawahi kushika chaki, anapata saa nne za mazungumzo ambazo hakuna ofisi ingempa. Hamuulizi kwa nini alitoroka nyumbani. Anamuuliza nani alimfundisha kufua vizuri hivyo. Jibu huwa ni cucu, yaani nyanya, na cucu huyo ana kijiji, na kijiji kina njia ya kurudia.

Hata hivyo, kufungua mlango peke yake hakutoshi. Mwaka 2000 Joseph Mahoney na Håkan Stattin walichapisha utafiti kuhusu vijana wa Uswidi: waliozoea kwenda kwenye kumbi za burudani zisizo na ratiba wala usimamizi wa maana walionyesha utovu wa nidhamu zaidi kuliko wenzao. Huenda waliokwenda walikuwa tayari wakorofi, nayo ni hoja tutakayoipima kwa uangalifu. Lakini kila anayetaka kukodi chumba, kuweka meza ya pool na kukiita kituo anapaswa kuusoma utafiti huo. Joan McCord naye, mwaka 1978, alichapisha ufuatiliaji wa wavulana 506 wa Massachusetts waliohusishwa na mradi wa kuwasaidia vijana wa miaka ya 1930 na 1940. Waliosaidiwa waliusifu mradi, ilhali katika mambo kadhaa hali yao ya utu uzima ilikuwa mbaya kuliko ya wasiosaidiwa. Nia njema inaweza kudhuru.

Ushahidi unaonipa matumaini zaidi umetoka Monrovia, Liberia. Christopher Blattman na wenzake waliwashirikisha wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi na fujo. Baadhi walipewa wiki nane za mafunzo ya kutawala hasira na kujitazama upya, wengine dola 200, wengine vyote viwili. Waliopata vyote walipunguza uhalifu, na miaka kumi baadaye tofauti ilikuwa bado inaonekana. Waliowafundisha walikuwa wanaume waliotoka katika maisha yale yale.

Hapa Kenya, sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inaruhusu kesi za watoto kumalizwa nje ya mahakama. Lakini hakimu akimwondoa mtoto kortini, lazima pawepo mahali pa kumpeleka.

Nikuombe jambo moja unapoendelea kusoma: watafute wasichana. Vituo vingi vimejengwa kuzunguka mpira, na wavulana ndio wanaovijaza. Msichana aliyeacha shule hakai barabarani mchana kutwa; yuko jikoni mwa watu akifanya kazi za nyumba, au nyuma ya kaunta ya baa, au ana mtoto mgongoni. Kituo kinachofungwa saa kumi na moja jioni hakimfai, na kisicho na mahali pa kumlaza mtoto hakimfai zaidi. Ndiyo maana sura ya kwanza inahusu saa za kufungua.