Siasa ya Dunia Isiwe Somo la Wachache

Mnamo Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 katika shule za sekondari pevu, kila mmoja akiwa ameelekezwa kwenye mmojawapo wa mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mengi yalisemwa kuhusu hisabati, maabara na nafasi za shule. Kwa maoni yangu, kuna swali moja ambalo halikupata watetezi wa kutosha. Je, kijana atakayechagua fizikia au muziki atafundishwa lini jinsi mataifa yanavyopatana, yanavyozozana na yanavyogawana ardhi na maji?

Somo la Historia na Uraia limewekwa katika mkondo wa sayansi za jamii. Asiyeufuata mkondo huo halazimiki kulisoma. Serikali nayo imekwisha kueleza kuwa inataka wanafunzi wengi zaidi waelekee sayansi. Sina ugomvi na sayansi. Nina wasiwasi na wingi wa vijana watakaotimiza umri wa kupiga kura bila kuujua ulimwengu wanaoupigia kura hiyo.

Kenya iliwahi kuwa na kidato cha tano na cha sita. Mtihani wa mwisho wa ngazi hiyo ulifanywa mwaka 1989, na mfumo wa 8-4-4 ukashika hatamu. Mimi ni zao la 8-4-4, kwa hiyo sina kidato cha sita cha kukililia. Hata hivyo, majirani zetu hawakukiacha. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi, hata mwanafunzi wa kemia na baiolojia alilazimika kusoma maarifa ya jumla, ambamo alikutana na mambo ya uchumi, demokrasia na uhusiano wa kimataifa. Uganda nayo ilikuwa na utaratibu unaofanana na huo. Wenzetu waling'amua kwamba kijana wa umri huo amekomaa vya kutosha kuhoji mambo ya dunia, naye bado yumo mikononi mwa mwalimu.

Wapo watakaodai kuwa siasa ya dunia ni habari za Washington, Moscow na Beijing, na kwamba mtoto wa mfugaji ana shughuli nyingine. Hao nawaalika Loitokitok, katika Kaunti ya Kajiado.

Mkazi wa Loitokitok huamka akiutazama Mlima Kilimanjaro ambao kilele chake kiko nchi nyingine. Mpaka wa Kenya na Tanzania hutoka Ziwa Viktoria ukiwa umenyooka kama uzi. Ukifika hapo hupinda, ukauzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, kisha ukateremka kuelekea baharini. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu sababu ya kuupinda uzi huo. Jibu huwa lile lile: eti Malkia Victoria alimtunukia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mlima huo kama zawadi.

Ni hadithi tamu, lakini tarehe zinaikana. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mpaka huo mwaka 1886. Mjukuu huyo alitawazwa kuwa Kaiser mwaka 1888. Kilichofanyika mwaka 1886 kilikuwa ni biashara ya wizara za mambo ya nje. Mjerumani, ambaye Carl Peters alikuwa amekwisha kumkusanyia mikataba huko bara, alipata mlima. Mwingereza alipata eneo la kaskazini, na Taveta ikawa upande wake. Sultani Barghash wa Unguja akaachiwa ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Mchaga hakuulizwa, na Mmaasai hakuulizwa. Kijana anayeamini hadithi ya zawadi hudhani kuwa dunia huendeshwa kwa hisani za wafalme. Anayezijua tarehe hizi hutambua kuwa huendeshwa kwa maslahi, ramani na saini, mambo ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyasoma na kuyahoji.

Mfano wa pili unaihusu ardhi yenyewe. Mwaka 1904 viongozi wa Wamaasai, Olonana akiwa mbele yao, walitia alama zao kwenye hati ya Kiingereza iliyowahamisha kutoka Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Hati iliahidi kwamba makubaliano hayo yangedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo duniani. Yalidumu miaka 7. Mwaka 1911 hati nyingine iliwaondoa Laikipia na kuwasukuma katika hifadhi ya kusini, ambamo ndimo ilimo sehemu kubwa ya Kajiado ya leo. Mwaka 1913 baadhi yao walikwenda mahakamani. Kesi ilitupwa kwa hoja kwamba Wamaasai walikuwa watu wa dola ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wa Mwingereza, na kwamba mkataba baina ya madola mawili haukuwa jambo la mahakama hiyo kuamua. Walihesabiwa kuwa dola siku ile tu ambayo udola wao ungewanyima haki!

Wala tusidhani kuwa hayo ni ya kale. Mwezi Oktoba 2017, Tanzania ilikamata ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya waliovuka mpaka kutafuta malisho, ikawapiga mnada. Wakati huo Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayoruhusu bidhaa na watu kuvuka, ilikuwa imetumika tangu mwaka 2010. Je, ng'ombe anayetafuta majani ni bidhaa? Mchungaji anayemfuata ni msafiri au ni mfanyakazi? Hayo ni maswali ya siasa ya dunia, na aliyeyahitaji zaidi ni yule ambaye zizi lake lilibaki tupu.

Nikiwa mwalimu wa isimu, naamini kwamba sehemu ya tatizo letu imo katika neno lenyewe. Siasa ni neno lililotoka Kiarabu, likiwa na maana ya kuongoza na kusimamia mambo. Kamusi za zamani za Kiswahili ziliipa hata maana ya upole na uangalifu. Leo, mtu akisema "usituletee siasa hapa," anakusudia matusi ya jukwaani na fitina za matangani. Si ajabu basi kwamba mzazi akisikia mwanawe anafundishwa siasa hushtuka. Lakini dawa ya neno lililochafuliwa ni kulisafisha darasani.

Pendekezo langu halihitaji mkondo mpya wala majengo. Katika sekondari pevu, Kiswahili na mafunzo ya huduma kwa jamii ni lazima kwa wote, isipokuwa wale wanaosoma lugha ya ishara badala ya Kiswahili. Kipindi kimoja kwa juma kati ya hivyo kingetosha kusoma na kujadili itifaki, mkataba au hukumu inayogusa eneo la shule. Mwanafunzi wa Loitokitok aanze na mpaka na malisho. Wa Kisumu aanze na ziwa. Wa Lamu aanze na bahari. Kutoka hapo ataifikia Moscow na Beijing akiwa na vipimo vyake mwenyewe mkononi.

Daktari wa mifugo atahitaji kuzijua kanuni za kuvusha chanjo. Mhandisi wa maji atachimba katika bonde ambalo mito yake haina pasipoti. Hao wote watapitia mkondo wa sayansi. Wizara ya Elimu isingoje kundi hili la kwanza limalize Gredi ya 12 ndipo ianze kuunda kamati. Walioweka alama mwaka 1904 hawakuwa na shule ya kuwafundisha kuisoma hati ile. Wajukuu wao wanayo, na tukiwanyima somo hili hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.