Je, Wajua? Kuitunza ATV kwa Mikono Yako Mwenyewe

Je, wajua kwamba kipimo cha upepo cha kituo cha mafuta hakiifai ATV, yaani pikipiki ya magurudumu manne? Tairi la gari dogo hujazwa PSI 30 hadi 35, lakini la ATV mara nyingi huhitaji 3 hadi 7 tu, na kipimo cha gari katika kiwango hicho hubahatisha. Tairi lenye PSI 5 hukandamiza ardhi kwa takriban gramu 350 kwa kila sentimita ya mraba, karibu sawa na mtu anayetembea anapouweka uzito wake wote kwenye mguu mmoja. Ndiyo maana chombo cha kilo 300 hupita juu ya mchanga wa ufukweni pale gari linapozama. Lakini kwa upepo mdogo kiasi hicho, PSI 1 ikipungua upande mmoja, sehemu ya tano ya upepo wa tairi hilo imeondoka, na usukani huanza kuvuta. Kabla ya spana, nunua kipimo cha upepo mdogo, na upime asubuhi matairi yakiwa yamepoa.

Matairi hayo laini ndiyo yaliyozaa chombo chenyewe. Mawakala wa Honda nchini Marekani walitaka kitu cha kuuza majira ya baridi, wakati pikipiki hazinunuliki. Mhandisi Osamu Takeuchi alijaribu miundo ya magurudumu mawili hadi sita, akatulia kwenye matatu. Mwaka 1970 ikatoka US90, ambayo baadaye iliitwa ATC90, ikiwa na injini ya cc 89 na matairi ya inchi 22 yaliyofanya pia kazi ya springi. Mabua makavu ya mashambani yakawa yanayatoboa, na kuziba pancha ikawa taabu. Toleo la 1975 likaja na matairi magumu zaidi na vitovu vinavyorahisisha ukarabati. Nalipenda badiliko hilo, kwa sababu alifikiriwa mtu atakayepiga magoti kwenye matope akiwa na vifaa vichache. Suzuki ilileta magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa QuadRunner LT125, na kufikia 1988 watengenezaji walikuwa wamekubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza mpya za magurudumu matatu, kwa sababu ya ajali nyingi.

Kama una nafasi ya kufanya kazi moja tu mwezi huu, fungua chujio la hewa. Katika ATV nyingi ni sponji, na sponji hiyo haichuji kwa vitundu vyake peke yake. Huhitaji kulowa mafuta maalumu yanayonata, ili vumbi likipita lishikwe na mafuta hayo. Ikiwa kavu, vumbi laini hupenya mpaka ndani ya silinda. Mchanga mwingi wa jangwani ni kwatzi, wenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, na chuma cha kawaida ni laini kuliko huo. Mchanga huo ukichanganyika na oili, hapo pistoni na ringi zinasagwa kila unapokanyaga barabara ya vumbi. Wanaoendesha kwa msafara, mmoja nyuma ya mwingine, wa mwisho ndiye anayekula vumbi la wote, na chujio lake huhitaji kuoshwa mapema zaidi. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usitumie petroli, kwa maana inaweza kuwaka na pia hulegeza gundi ya sponji. Likamue kwa kulibana kati ya viganja, usilisokote kama nguo, litachanika. Likishakauka kabisa, lipake mafuta, libane tena yaenee, kisha pitisha grisi kidogo kwenye ukingo wake.

Mchanga mweupe wa Zanzibar, wanakotembezwa wageni kwa ATV, ni wa matumbawe na ni laini kuliko kwatzi. Huko adui mkubwa ni chumvi. Osha kwa maji yasiyo na chumvi kila unaporudi, ila si kwa mashine ya presha iliyoelekezwa kwenye beringi na sili, kwa sababu itayasukuma maji na chumvi mahali ambapo grisi ilikuwa inayazuia.

Je, wajua kinachoua injini iliyozama mtoni? Mara nyingi ni kidole cha mwenyewe kwenye kitufe cha kuwashia. Pistoni ya injini ya petroli hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta mpaka ubaki takriban sehemu moja ya kumi. Maji hayabaniki. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni hugota, na mkono unaoishikilia hupinda. Kwa hiyo zima kila kitu, isukume mpaka nchi kavu, fungua plagi, ndipo uizungushe injini ili maji yatoke kupitia tundu la plagi. Mwaga maji ya kwenye boksi la chujio na ya kwenye bakuli la kabureta. Kagua oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imeingia maji. Imwage, weka mpya, washa injini kwa muda mfupi, kisha umwage tena. Wengi huishia mwago wa kwanza, na beringi zao huanza kulia wiki chache baadaye.

Maji hupita pia pale usipopadhania. Difu iliyopata moto ikitumbukia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Ndiyo sababu watengenezaji huweka mpira mwembamba wa kupumulia na kuupeleka juu, karibu na usukani. Hakikisha haujachomoka wala kuzibwa na mdudu.

Kuhusu oili, tazama kopo kabla ya bei. ATV nyingi zenye gia za kubadilisha kwa mguu zina klachi inayoogelea katika oili ileile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano, na klachi huishi kwa msuguano. Ukiziweka humo itateleza. Tafuta alama ya JASO MA. Baadhi ya zile zinazoendeshwa kwa mkanda wa mpira hazina shida hiyo, lakini mkanda ukilowa hukataa kuvuta. Kasha lake huwa na kizibo cha kutolea maji.

Habari njema kwa wasomaji wa Afrika Mashariki ni kwamba ATV nyingi za bei nafuu kutoka China zina injini zilizofuata muundo wa Honda CG125, uliobuniwa katikati ya miaka ya 1970 ili kuvumilia watu wasiofanya sevisi mara kwa mara. Fundi wa bodaboda anaifahamu injini hiyo kama jikoni kwake, na anaweza kukufundisha kurekebisha valvu kwa alasiri moja. Valvu iliyolegea hugonga na utaisikia. Iliyobana sana haitoi sauti, ila haikai vizuri kwenye kiti chake, na kwa kuwa joto lake hutoka kupitia hapo, ukingo wake huungua. Zipime injini ikiwa imepoa kabisa, pistoni ikiwa juu mwishoni mwa mgandamizo, kwa fila, yaani vibati vyembamba vya kupimia mwachano, na vipimo vya kitabu cha chombo chako. Fundi akikuambia inagonga kidogo, pima mwachano wake kwanza, wala usimwombe aikaze mpaka inyamaze.