Njoo na Jembe

Nafundisha biolojia hapa Ulemo. Mvua zikishashika, somo la jamii ya mikunde naliondoa darasani. Tunashika njia ya kwenda kwenye mashamba ya alizeti, jembe begani.

Pembeni mwa njia mmejaa marejea pori, maua ya njano na maganda yaliyovimba. Maganda yakikauka, mbegu hulia ndani, watoto wanayatikisa kama kayamba. Nawaambia wachimbe kwa mbali kidogo na shina, maana ukivuta kwa pupa vinundu vya mizizi vinabaki ardhini. Kata kinundu kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani, bakteria wamo kazini: wanachukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, nao mmea unawalipa sukari. Wekundu huo unatokana na protini ya ukoo mmoja na ile inayoipa damu yetu rangi. Kikiwa cha kijani au kahawia, kazi imekwisha.

Kisha tunahamia kwa mwingajini, ambao hauna haja ya kutafutwa. Uko nyuma ya kila nyumba. Una maganda, ni mkunde halali. Wanachimba, wanapekua, hola. Hauna kinundu hata kimoja.

“Mwalimu, sasa huu unakula wapi?”

Unakula kama mahindi, kile ulichokikuta udongoni. Si kila mkunde unarutubisha shamba, japo mabwana shamba wengine huzungumza kana kwamba yote ni mamoja.

Ukoo huu ni mpana. Kusini mwa mkoa wetu, kwenye vichaka vya Itigi, kuna mmoja uitwao Baphia burttii, kwa heshima ya Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi na idara ya mbung'o ya Tanganyika hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938.

Tena mikunde mingi ina sumu. Majani ya utupa yakipondwa na kutiwa majini, samaki hulewa na kuelea. Kuvua kwa sumu ni kosa la jinai, na nisisikie mtu ameupeleka Ziwa Kitangiri. Ila majani hayohayo, yakikaushwa na kusagwa, hukinga maharage ghalani yasibunguliwe.

Marejea pori nayo si ya kuaminiwa. Aina nyingi huharibu ini la mifugo, na hata la binadamu mbegu zake zikichanganyika na nafaka. Marejea ya kupandwa, ambayo Wabenediktini wa Peramiho waliyapigia debe kwa wakulima wasiomudu mbolea ya chumvichumvi, ni ndugu wa hayo.

Kwangu, marejea pori yaliyoota shambani nayafukia kwa jembe yanapoanza kuchanua, kabla hayajafunga maganda. Yaliyo karibu na zizi la mbuzi nang'oa yote.