Kadi Inayoishia Bukoba

Kwanza tuelewane kuhusu mahali, maana Bugarama ziko nyingi. Ipo ya Msalala, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Ipo ya Rwanda, yenye kiwanda cha saruji, na Burundi nako ipo, kwenye milima ya Muramvya. Ninayoizungumzia ni ya kwetu Ngara, mkoani Kagera, kwenye migomba, kahawa na maharage, ambako kwenda Burundi ni karibu kuliko kwenda Bukoba, makao makuu ya mkoa. Hilo la Bukoba liweke akilini, tutalirudia.

Tulio nje tunaufahamu ujumbe huu wa WhatsApp hata kabla ya kuufungua: mama fulani amelazwa hospitali ya Murgwanza, ameandikiwa rufaa ya Bugando, Mwanza, familia inaomba msaada. Tunachanga, tunatuma pamoja na ya kutolea, kisha mmoja wetu anauliza swali ambalo huwa halikosi: kwa nini hawakukata bima mapema? Ndipo lawama zinapoanza. Watu wa kijijini hawajali, wana pesa za harusi lakini hawana za kadi. Mimi lawama hizo sizikubali, na sababu zangu ziko kwenye historia ya hizo kadi zenyewe.

Kizazi cha wazazi wetu kilizoea matibabu yasiyolipiwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilibeba jukumu hilo, na mwaka 1977 udaktari wa kibinafsi wa kutafuta faida ukapigwa marufuku. Hospitali za makanisa zilibaki, na kwa upande wetu ndizo zilizokuwa nguzo: Murgwanza ya Waanglikana, Rulenge ya Wakatoliki na, ukivuka wilaya, ile ya Biharamulo. Baadhi ya hospitali za aina hiyo zilifanywa teule, yaani kanisa linaendesha, serikali inasaidia mishahara na gharama, na wilaya inaitumia kama hospitali yake. Uchumi ulipoyumba, mpango wa kuchangia gharama ukaingia mwaka 1993. Mtu aliyezoea kwenda zahanati na daftari tu akaanza kuulizwa pesa dirishani.

Dawa ya maumivu hayo ilikuwa Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF. Ulijaribiwa Igunga, Tabora, mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001. Kaya inalipa mara moja kwa mwaka, kisha inatibiwa katika vituo vya karibu. Serikali nayo iliahidi kuongeza kiasi kilekile kilichochangwa, utaratibu ulioitwa tele kwa tele. Wazo lilikuwa zuri. Lakini kujiunga kulikuwa hiari, na hapo ndipo ulipoanza udhaifu ambao haujaisha hadi leo.

Mwaka huohuo wa 2001 ulianza kazi mfuko mwingine, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya 1999. Huo ulikuwa wa watumishi wa serikali na wa lazima: asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mtumishi na nusu ya mwajiri. Kadi yake humfunika mwanachama, mwenza wake na wategemezi wengine hadi wanne, wakiwemo watoto, wazazi na hata wakwe. Ukitaka kuelewa siasa za familia nyingi za Ngara, anzia hapo. Aliyeajiriwa ualimu au unesi hageuki tu kuwa tegemeo la ada, anakuwa na nafasi nne za kugawa. Ana watoto watatu, imebaki moja: aingie baba mwenye presha, au mama mkwe mwenye kisukari? Nimesikia ndugu wakinuniana kwa nafasi hiyo zaidi ya walivyowahi kugombania shamba.

Asiye na mtumishi katika ukoo alibaki na CHF, na mwaka 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa. Kaya ya watu hadi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na afisa mwandikishaji alipita kijijini na simu yake, anapiga picha na kusajili. Ulinganishe na vifurushi ambavyo NHIF ilivitoa mwaka 2019 kwa watu binafsi: kile cha chini, Najali Afya, kilikuwa shilingi 192,000 kwa kijana mmoja. Kwa bei, hakuna aliyeweza kulalamikia CHF.

Tatizo lilikuwa mwisho wa safari yake. Huduma zilianzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni Bukoba. Sasa chukua ramani. Mgonjwa wa Bugarama akishindikana Murgwanza au hospitali ya wilaya pale Nyamiaga, njia ya kawaida hupitia Biharamulo kuelekea Chato au Mwanza, hasa sasa baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025. Chato na Bugando zote ni hospitali za kanda. Kadi ya 30,000 ilikuwa imekwishakoma. Kwa hiyo familia ilikuwa na bima ya malaria na ya jino, lakini kwa saratani na figo, yaani yale yanayouzisha ng'ombe, ilibaki na sisi wa WhatsApp.

Hata huku chini kadi ilikuwa na kasoro. Mwenye kadi na asiye na kadi wanakaa foleni moja, wanaandikiwa dawa, na wote wawili wanaambiwa dawa hakuna, kanunueni duka la dawa. Mkulima akijibiwa hivyo mara mbili, mwaka unaofuata halipi. Mkulima huyo amepiga hesabu, na hesabu yake iko sawa. Isitoshe, afisa anaweza kupita mwezi ambao kahawa bado iko mtini na mfukoni hakuna kitu.

Tazama sasa ng'ambo ya daraja la Rusumo, lililo ndani ya wilaya yetu wenyewe. Rwanda ilianza majaribio ya Mutuelle de Santé mwaka 1999, wenyewe wakaizoea kama mituweli. Sheria iliyoanza kutumika 2008 iliifanya bima kuwa ya lazima. Kuanzia 2011 michango ilipangwa kwa daraja la hali ya kaya: maskini kabisa walilipiwa, wa kati walitoa faranga 3,000 kwa mtu, wenye uwezo 7,000. Leo zaidi ya watu wanane kati ya kumi wana bima hiyo. Wakulima ni walewale, migomba ni ileile, hata lugha zinasikilizana. Tofauti ni kwamba kule haikuachwa kuwa hiari, na asiye na uwezo alikuwa na wa kumlipia.

Hiari huiua bima kwa njia rahisi: mzima anaahirisha, mgonjwa anawahi. Tuliliona wazi kwenye Toto Afya Kadi, iliyomgharimu mzazi shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha kuandikisha mtoto mmojammoja, ikisema wengi walioletwa walikuwa tayari wagonjwa na michango haikukaribia gharama. Wazazi walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini mfuko wa walio wagonjwa peke yao hauwezi kuwa bima.

Ndiyo maana Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tarehe 2 Novemba 2023. Muswada wake wa mwanzo, wa 2022, ulizua kelele, hasa pale ulipofungamanisha bima na huduma kama leseni ya udereva, na kwa sababu ya viwango vilivyotajwa wakati ule: shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Sheria iliyopitishwa inamtaka kila mkazi awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo kutokana na vyanzo kama kodi za vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwangu mfuko huo ndio kiini cha sheria yote. Ukijaa, Bugarama itafanana na ng'ambo ya Rusumo. Ukikauka, tutarudi Igunga ya 1996.

Kwa ninyi mnaotaka kuwalipia wa nyumbani, yoyote itakayokuwa kadi, bei iulizeni mwisho. Ulizeni kwanza kama inafika Bugando na Chato au inaishia mkoani. Mwambieni ndugu aende zahanati kuulizia dawa ya presha anayotumia mzee, kama ipo mwezi huu na kama ilikuwepo mwezi uliopita. Ikiwa mzazi ametimiza miaka 60 na hana uwezo, sera inamruhusu kutibiwa kwa msamaha, ila aanzie kwa mtendaji wa kijiji na Ustawi wa Jamii kabla hajaugua, maana barua haitafutwi vizuri na mtu aliyelala kitandani.

Na lipo la NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Mtu binafsi akijisajili NHIF huombwa namba ya kitambulisho, na sisi wa mpakani tunajua maswali yanayokuja kabla ya kuipata: babu alizaliwa wapi, nani anakufahamu, mbona lafudhi yako ni ya Kirundi. Kuna wazee waliozaliwa Ngara na kuzeeka Ngara ambao bado wanaisubiri. Kabla ya kutuma pesa ya bima, ulizeni kama mama ana namba hiyo, na kama jina lililoandikwa ndilo analoitwa hospitali.