Shubiri na Pilipili Haviponyi Mdondo

“Dokta, kuku wamezubaa, wanaharisha kijani, niwape dawa gani?” Kila mwaka joto la Septemba likianza kuuma, swali hilo hunifuata huku Puta, Nchelenge, hata sokoni Kashikishi. Jibu langu halijawahi kubadilika: hakuna dawa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, husababishwa na virusi. Ugonjwa huu umejulikana tangu 1926, na hadi leo hakuna dawa inayoviua virusi hivyo vikishaingia mwilini mwa kuku.

Oktoba moja mama mmoja wa Puta alinipeleka nyuma ya jiko lake. Palikuwa na beseni la maji ya kijani mazito: shubiri mwitu iliyokatwakatwa, pilipili kichaa iliyotwangwa, majivu, na juu yake unga wa vidonge vya rangi mbili alivyonunua duka la dawa za binadamu. Pembeni, tetea alikuwa amelala ubavu, shingo imejipinda hadi jicho moja linatazama mbinguni. Beseni lilikuwa limejaa pomoni. Kuku anayeumwa mdondo hanywi, kwa hiyo hata kama beseni lile lingekuwa na dawa, ingemfikiaje?

“Lakini mwaka jana iliwaponya,” aliniambia. Nikamuuliza alikuwa na kuku wangapi. Ishirini. Wakabaki wangapi? Watatu. Mama, hao watatu hawakuponywa na pilipili! Karibu kila mlipuko huacha wachache ambao kinga yao ilihimili, na wangebaki hata kama ungewapa maji matupu. Wale kumi na saba waliwekewa beseni lilelile, ila wao hakuna anayewataja.

Sifa ya vidonge vya rangi mbili, ambavyo ni antibayotiki, nayo naijua ilikotoka. Kuku wana maradhi mengine ya bakteria, kama homa ya matumbo ya kuku na mafua yale ya kuvimba uso, na hayo huweza kupata nafuu kwa antibayotiki. Mtu huona kuku amezubaa na kinyesi kimebadilika rangi, humpa kidonge, kuku huinuka, na kijiji kizima huambiwa mdondo umepata dawa. Ugonjwa haukuwa mdondo. Antibayotiki haigusi kirusi. Inachofanya ni kuwazoesha bakteria dawa hiyohiyo utakayoitegemea mwanao akiugua, na masalia yake hubaki kwenye nyama na mayai mnayokula.

Kinachoniudhi zaidi ni siku zinazopotea. Wakati shubiri inalowekwa, wenye kuku walioanza kusinzia huwafunga miguu na kuwauza bei ya kutupa kandokando ya barabara. Wengine hupanda mtumbwi pamoja na mizigo kuelekea Pweto au Kilwa, ng'ambo ya Ziwa Mweru upande wa Kongo. Halafu tunasema mdondo umeletwa na upepo. Umeletwa na sisi, na huwadia wakati mbaya kabisa, maana kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa upande huu wa Zambia. Hakuna chisense, dagaa wa ziwa letu, wa kuanika, na kuku ndiye aliyetegemewa kulipa ada.

Wapo pia wanaonipigia kutoka Kitwe wakikaribia kustaafu: wanataka nyumba ya magogo karibu na ziwa na banda la kuku la magogo vilevile. Ndoto nzuri, nami ninawatakia. Lakini mchwa wa huku hula magogo, na nyufa zake ni makao ya utitiri. Inua banda juu ya nguzo, sakafu ya fito ili kinyesi kidondoke, ulifagie. Kisha kwa fedha iliyobaki, chanja.

Chanjo ya I-2 ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, na Tanzania huizalisha. Ni tone moja jichoni, kwa kifaranga na jogoo sawasawa: mlaze kichwa ubavu, dondosha, ngoja apepese. Rudia kila miezi minne: Aprili, Agosti, Desemba. Inastahimili joto kuliko nyingine, lakini usiianike juani. Ibebe kwenye kitambaa kibichi. Ukipata La Sota ya kunywesha, maji yasiwe na klorini na chanjo isitoke kwenye baridi. Chanja wazima tu, kwani kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka; aliyekwishaambukizwa atakufa nawe utalaumu chanjo. Kuku mgeni mtenge wiki mbili. Mlipuko ukishaingia, usiuze, usigawe, mizoga ichome au izike kwa kina.

Chupa moja hutosha mamia ya kuku, na wewe una kumi na watano. Basi Julai, kabla ya zamu ya Agosti, ongea na majirani, hesabuni kuku wa mtaa mzima, mchangishane, mkamwone afisa mifugo. Siku ya kuchanja ianze alfajiri, kabla hamjafungua mabanda.