Simu Isikiayo Bila Mtandao

Mama, mikono yako imejaa unga wa chapati, mtoto analia mgongoni, na ghafla unakumbuka kwamba kesho ni siku ya kliniki. Siku hizi waweza kuiambia simu, nayo ikakuandikia. Lakini je, umewahi kujiuliza maneno yako huenda wapi?

Kwa miaka mingi sauti ilisafirishwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta kubwa za kampuni, huko ikageuzwa maandishi na kurudishwa. Ndiyo sababu bando likiisha, simu nyingi huwa viziwi. Tena mambo ya nyumbani mwako, kama ugonjwa wa mtoto au deni la baba, huwa yamekwisha kutoka nje ya mlango.

Sasa kazi hiyo yaweza kufanyika ndani ya simu yenyewe. Machi 2019 Google ilitangaza kwamba mfumo wake wa Kiingereza cha Marekani umepunguzwa hadi megabaiti 80, ukatosha ndani ya simu zake za Pixel. Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa bure programu ya Whisper, iliyofunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Mwaka huohuo Georgi Gerganov aliiandika upya ili iende hata kwenye simu. Mfumo wake mdogo kabisa una takriban megabaiti 75.

Hata hivyo tusidanganyike. Karibu theluthi mbili ya saa hizo zilikuwa za Kiingereza. Kiswahili kilipata kidogo mno. Mifumo midogo hukosea zaidi, na Whisper huweza hata kuandika maneno ambayo hayakusemwa. Kwa hiyo zingatia haya:

1. Pima kwanza. Zima data na waifai, kisha sema. Ikiandika, yaweza kufanya kazi peke yake. Ikinyamaza, ujue sauti yako husafiri. Programu nyingine hutumia intaneti ikiipata, basi kwa mambo ya siri zima tena.

2. Soma ilichoandika kabla hujasahau ulichosema. Orodha ya sokoni ikikosewa, utarudi na vitunguu badala ya nyanya. Kipimo cha dawa ya mtoto usikiachie simu: kiandike kwa mkono, na ukiwa na shaka mwulize muuguzi.

3. Usimrekodi mgeni au mkweo bila kumwomba ruhusa.

Simu ikusaidie kazi, mama, lakini mwenye kulinda mambo ya nyumba yako ni wewe.